Taa Inayotushika Tusiteremke

Jana asubuhi lori la ndizi lilisimama mbele ya duka langu hapa Kakoba, mjini Mbarara, magurudumu yake ya nyuma yakifuka moshi, na harufu ya breki zilizoungua ikaingia ndani mpaka kwenye vitambaa. Wateja wakaziba pua. Mimi nikatoka nje, nikasimama karibu na lile gurudumu na kuivuta harufu kwa nguvu zote, hata dereva akaniuliza kama niko mzima. Niko mzima. Ni vile tu kwamba kwangu harufu ile ni ya kanisani, na ni ya Papa, baba yangu, na tangu tulipomzika Papa sikuwa nimeinusa tena.

Mnivumilie, maana kusimulia kwa mstari ulionyooka sijui. Hata kukaa sijui. Mama husema nilizaliwa nimekalia siafu. Kwenye foleni ya chakula pale Nakivale, kambini kwetu wakimbizi, nilikuwa nachomoka na kurudi, nachomoka na kurudi, mpaka watu wakadhani tuko mapacha. Kanisani nilichezesha miguu kuanzia ishara ya msalaba hadi baraka. Mahali pamoja tu duniani niliweza kutulia, napo ni kwenye kiti cha dereva cha gari alilokuwa akiendesha Papa.

Gari lenyewe halikuwa letu. Lilikuwa la mfanyabiashara mmoja Mkongomani ambaye kambi nzima ilimwita Patron. Alikuwa na gari jingine lililobeba watu wa Oruchinga. Hili letu, dogo, jeupe, lililotoka Japani likiwa limeshachoka, lilikwenda Mbarara na kurudi. Jumapili halikutembea. Baada ya Misa Papa aliliegesha kando ya nyumba yetu na kuliosha, nami nikaruhusiwa kushika usukani kwa masharti: viatu vibaki nje, na ufunguo nisiuguse. Kuuzungusha aliuzungusha yeye, nusu tu, ili redio imwimbie anapoosha. Hapo ndipo dashibodi ilipoamka.

Sijui niwaelezeje. Kwetu taa ilikuwa kibatari na tochi. Halafu ghafla mbele ya uso wangu zinawaka taa za kijani, za njano, za nyekundu, mishale inaruka na kulala tena, na mwanamke asiyeonekana anasema maneno marefu kwa sauti ya upole. Mara ya kwanza nilitoka mbio, nikaacha mlango wazi.

"Rudi," Papa aliniita akicheka. "Ni Kijapani. Pale gereji walinieleza. Anaomba kadi."

"Kadi gani?"

"Miye nitajua? Kadi tu. Anasema haijaingizwa."

Hilo halikunishangaza hata kidogo. Nani pale kwetu hakuombwa kadi? Chakula, kadi. Sabuni, kadi. Dawa ya minyoo, kadi. Nikaona kumbe hata gari lina ofisi ndani yake. Siku moja nilichukua kadi yetu ya familia nikaishika mbele ya redio, wazi kabisa, ili yule mama atulie. Hakutulia. Nikamchukia, kama nilivyowachukia wote waliokuwa wakituambia turudi kesho.

Mshale wa mafuta nao ulikuwa na herufi mbili, E na F. Mama, aliyesoma kwa Kifaransa kule Burundi, alinifundisha kwamba mwisho wa hadithi huandikwa "fini". Basi F ikawa fini, mafuta yamekwisha. E ilinisumbua kidogo, kisha nikaamua kuwa ni "encore", bado yapo. Mshale ulipolala kabisa kwenye E nilimpigia Papa makofi. Alicheka mpaka kitambaa kikamwangukia ndooni. Akaniambia, "Weye siku ukiwa shofere, utalala njiani na simba."

Lakini kulikuwa na taa moja ambayo sikuhitaji kuelezwa na mtu. Nyekundu. Duara katikati, ndani ya duara kijiti kimesimama wima, na kila upande mstari uliopinda, mikono miwili iliyokinga kitu kisianguke. Nilikuwa nimeanza mafundisho ya komunyo ya kwanza. Katekista alituonyesha ile taa nyekundu karibu na tabernakulo na kutuambia: ikiwaka, Yezu yupo, mkiona imezimwa, kama Ijumaa Kuu, jueni hayupo. Sasa niambieni, mtoto aliyefundishwa hivyo angeona nini tena pale? Nikaona hostia, nikaona mshumaa, nikaona mikono ya padri. Hata hivyo nikauliza, kwa uhakika zaidi.

"Papa, na hii nyekundu?"

Alikuwa amechuchumaa nyuma, anasugua gurudumu. "Iyo ndiyo inatushika tusiteremke," akajibu.

Nikapiga ishara ya msalaba.

Sasa, Mama hakupanda gari. Usimuulize kama anapenda au hapendi; hakupanda, basi. Tulipokimbia Burundi, mimi nikiwa bado mgongoni, lori lililotubeba lilikatika breki kwenye mteremko, na mdogo wake Mama, mama yangu mdogo ambaye ninamjua kwa jina tu, hakuinuka tena. Lilipokuja lori jingine kuwachukua waliobaki, Mama alikataa, akatembea. Tangu hapo sokoni kwa miguu, zahanati kwa miguu, mazishini kwa miguu. Majirani walimtania Papa kwamba mganga hajigangi, unabeba wake za watu mpaka Mbarara na wako anakula vumbi lako. Papa alicheka nao barabarani. Nyumbani hakucheka.

Ndipo Mama akawa na mimba ya mdogo wangu, na mimba ikakua vibaya. Muuguzi wa zahanati alimpapasa tumbo, akampapasa tena, akasema mtoto amelala kwa kukingama. Uchungu usimkute hapa, akasema, hapa hakuna chumba cha upasuaji. Aende Mbarara mapema akasubiri hukohuko, ama sivyo tutampoteza yeye na mtoto. Alilisema mbele yangu, waziwazi, na mimi nikaanza kuchezesha miguu. Ambulensi ilipokuja kumchukua, Mama alikuwa ndani ya mahindi ya jirani, amejilaza na tumbo lake lote. Ikapiga honi, ikangoja, ikaondoka.

Siku zile nyumba yetu haikukalika. Papa alilizunguka gari, akapiga teke gurudumu hili, akapiga lile, akaingia ndani kunywa maji, akatoka bila kuyanywa. Mama alifagia uwanja uliokwisha fagiliwa. Mimi nililala nikiota mahindi. Na kila jioni maneno yalikuwa yaleyale.

"Mama Odeta, nitaendesha polepole. Kama nimebeba mayai."

"Hata ule wa lori alisema polepole."

"Ule alikuwa mulevi!"

"Breki hazijui nani mulevi. Zinakatika tu." Halafu Mama akashika kiuno, uso ukabadilika rangi.

Nilikuwa nachambua maharage. Nikaona wazazi wangu wanahangaika bure na jambo jepesi.

"Mama, lakini si Yezu yumo ndani?"

"Ndani ya nini?"

"Ya gari. Taa yake inawaka, nyekundu, ileile ya kanisani. Papa mwenyewe alisema ndiye anatushika tusiteremke."

Mama akageuka kumtazama Papa. Papa alifungua mdomo. Niliona kabisa ameufungua, nikadhani anashangaa jinsi binti yake alivyoiva katika mambo matakatifu. Akaufunga.

"Ni kweli anasema uyu mutoto?"

"Taa iko," Papa akajibu polepole. "Inawaka."

"Nionyeshe."

Tukatoka wote. Papa akazungusha ufunguo, yule mama wa Kijapani akaomba kadi yake, Mama akaruka nyuma, nami nikamshika mkono: huyo ni wa ofisi tu, usimjali. Aliinama kwa shida, tumbo likigusa mlango, akaitazama taa muda mrefu. Midomo ikatembea.

"Kesho asubuhi," akasema. "Na rozari yangu. Na Odeta akae mbele aniangalizie taa, juu miye nitafunga macho. Ikizimika, aniambie, nishuke."

Mnaweza kufikiri nililala? Kesho yake nilikuwa kwenye kiti cha mbele kabla jogoo hajamaliza, magoti yamekutana na kidevu, macho kwenye dashibodi. Mama akaingia nyuma, akafumba macho, akashika rozari. Papa akawasha injini, akateremsha chuma kilicho kati ya viti, gari likasogea, na taa ikazimika.

"Imezimika!"

Mama alikwisha fungua mlango, mguu mmoja chini. Papa akasimama ghafla. Hatukuwa tumefika hata kwenye mti wa mpapai wa jirani. Papa alinitazama, akamtazama Mama kwenye kioo, akatazama kile chuma kwa muda, kama mtu anayeagana na kitu. Kisha akakivuta juu kidogo. Krrk. Taa ikawaka.

"Ilikuwa haijatulia," akasema. "Sasa imetulia. Funga mulango, Mama Odeta."

"Iko?" Mama akaniuliza, macho bado yamefumbwa.

"Iko."

Tukaondoka. Na gari lile, lililozoea kuruka mashimo ya Nakivale kama mbuzi, siku ile lilikwenda likinung'unika, zito, linavutwa nyuma. Tukapanda milima ya Isingiro kwa mwendo wa mazishi. Pikipiki zilitupita, malori yalitupita, na madereva waliotujua walipiga honi na kuonyesha kidole nyuma yetu. Papa aliwapungia mkono kama waliomsalimu. Jasho lilimtiririka masikioni, na asubuhi ilikuwa ya baridi. Kila baada ya fumbo moja la rozari Mama aliuliza "Iko?" nami nikajibu "Iko", na sauti zetu zikaenda hivyo kama litania. Nilijivuna. Ni mara ya kwanza maishani nilikuwa nimepewa kazi ya kutulia, na nilitulia.

Halafu Mama akaguna, si mguno wa sala. Ulikuwa uchungu. Papa akakanyaga mafuta, gari likalia bila kuongeza mwendo. Mkono wake ukashuka kwenye kile chuma, taratibu, na taa ikafa.

"Iko?"

Ningesema nini? Nilitumwa kuangalia taa. "Imezimika, Mama."

Alipiga kelele ambayo sijaisikia tena kwa mtu yeyote, akashika kitasa cha mlango huku gari linakwenda. Papa akauvuta mkono juu. Krrk. "Iko!" nikapiga kelele mimi. "Iko, Mama, iko!" Tukaendelea vilevile, Mama akiguna, injini ikilia, mkono wa Papa haukuondoka tena pale.

Ndipo ile harufu ikaja. Nzito, chungu, inakwaruza koo. Nilichungulia nyuma nikaona moshi mwembamba unatufuata. Moyo wangu ukajaa. Taa nyekundu mbele, rozari katikati, ubani nyuma. Sikuhitaji ushahidi mwingine.

Karibu na mji kulikuwa na kizuizi barabarani. Mwanajeshi mmoja akatusimamisha, akainamisha kichwa dirishani, akanusa.

"Banange! Wewe dereva gani? Hii gari iko nachoma! Handibreki iko juu, ona, na taa iko nawaka. Hauoni?"

Nikafurahi sana. Hata askari ameiona taa.

Papa alishuka upesi, akamshika mkono yule mwanajeshi, akampeleka hatua chache mbali. Nilimwona akinong'ona, akionyesha gari. Mwanajeshi akatazama tumbo la Mama, akatazama rozari, akavua kofia na kujikuna kichwa. Aliporudi sauti yake ilikuwa imepungua.

"Mama, pole. Enda. Mzee, hiyo taa acha tu hivyo. Hospitali iko karibu."

Akasogeza kizuizi mwenyewe.

Hospitalini walimpokea Mama mlangoni, wakamkimbiza ndani kwa kitanda cha magurudumu, na milango ikafungwa usoni petu. Tulibaki nje na lile gari. Magurudumu ya nyuma yalikuwa yanafuka, Papa amesimama kati yake, mikono imeshikilia kichwa. Nilitaka kumfariji.

"Papa, usiogope. Ona ubani wote huu."

Alinitazama, macho mekundu. "Ndiyo, mwanangu," akasema. "Ni ubani."

Walimpasua Mama siku hiyohiyo. Mtoto alitoka amekasirika, wa kiume, mzima. Alibatizwa jina zuri la mtakatifu, ila Papa alimpa la utani, Breki, na ndilo lililomshika mpaka leo. Nilidhani ni kwa sababu akianza kulia, ukimbeba tu, ananyamaza. Mama alipolisikia mara ya kwanza alicheka akishika kidonda chake, machozi yakamtoka, akamwambia Papa, "Weye! Weye!" Nami nikacheka, kwa kuwa wamecheka.

Patron hakucheka. Alikuja nyumbani mwenyewe, amevaa koti.

"Sasa weye ni shofere ao ni mupishi?" akamuuliza Papa. "Breki za nyuma zote zimeungua. Batu bote banasema walikuona na moshi, na wewe unapunga mukono! Uniambie tu sababu."

Papa angeweza kumwambia. Mama alikuwa ndani, anamnyonyesha Breki, na ukuta wetu wa udongo haukuzuia neno. Papa akasema, "Nilisahau, Patron." Akatoa ufunguo mfukoni na kuuweka kwenye kiganja cha yule mzee. Jumatatu alichukua jembe, na jembe ndilo alilokuwa nalo mpaka alipougua. Mimi nilikasirika miezi mingi kwa sababu Jumapili zangu zilikwisha. Kuhusu kazi ya Papa sikuwaza.

Nilikuja kujifunza udereva nikiwa mtu mzima, hapahapa Kakoba. Mwalimu wangu, Mnyankole mwenye haraka, aligusa dashibodi kwa kidole: "Madam, hii ni ya handibreki. Ikiwaka na wewe uko natembea, unachoma gari yote." Duara, kijiti, mikono miwili. Nilimwomba asimame. Nikashuka, nikakaa ukingoni mwa mtaro, nikacheka mpaka kilio kikanikuta humohumo ndani ya kicheko, na yeye akidhani ameniudhi. Jioni nikampigia Papa simu.

"Papa, ile taa."

"Taa gani?"

"Ile ya Yezu."

Nikasikia kuku wa nyumbani. "Iliwaka ao haikuwaka?" akaniuliza.

"Iliwaka."

"Basi."

Hatukulisema tena, na sasa hayupo wa kulisema naye.

Tulipomaliza matanga nilimchukua Mama kwa gari langu, dogo, kuukuu, nalo la Kijapani, aje akae na mimi kidogo mjini. Alikaa mbele. Siku hizi anapanda gari akilazimika, ila hufumba macho. Tuliaga majirani, tukapita pale ulipokuwa mpapai, na mteremko ulipoanza nikamwona anatoa rozari. Sikufikiri. Mkono wangu ulishuka wenyewe, ukavuta. Krrk. Taa ikawaka, gari likawa zito, tukaenda hivyo kitambo.

"Shusha iyo kitu," Mama akasema bila kufumbua macho.

"Kitu gani, Mama?"

"Shusha. Utaunguza breki kama baba yako."

Nikasimama kando ya barabara. Sikuweza kuendesha.

"Ulijua?"

"Ule musoda wa kwenye kizuizi alisema kwa nguvu, nani hakusikia? Miye nilikuwa na uchungu, sikuwa kiziwi."

"Mbona hukumwambia Papa ashushe?"

Mama alifumbua macho, akatazama mbele barabarani. "Nilitaka. Nikafungua macho nimuambie. Nikaona mukono wake kwenye iyo chuma. Anaunguza kazi yake na anajua, juu yangu. Kutoka pale sikuogopa tena. Taa sikuiangalia hata mara moja. Niliangalia mukono tu." Akajifuta pua kwa ncha ya kitenge. "Lakini niliendelea kukuuliza weye, juu ulikuwa umetulia vizuri."

Nilishusha breki. Taa ikazimika. Gari likaanza kuteremka lenyewe, jepesi, na mguu wangu ukawa tayari juu ya breki. Mama akafumba macho tena, akatafuta punje yake kwenye rozari.

"Iko?" akauliza.

"Iko, Mama."